Msumeno Wenye Nguvu Zaidi

Ndugu msomaji, leo naomba uniruhusu nianze mbali kidogo na siasa. Tutafika huko, kwa kuwa katika nchi yetu hata kuni zina siasa yake.

Jioni moja ya mwezi Juni mwaka jana, nikiwa nasahihisha mitihani ya wanafunzi wa mwaka wa pili, simu iliita kutoka kijijini kwetu Mufindi. Alikuwa mdogo wangu. Si mtu wa kupiga simu bila sababu. Baada ya salamu na habari za mama, alitoa ombi lake kwa maneno machache: "Kaka, nitafutie msumeno mkubwa huko mjini. Huu nilionao umechoka, na mimi nimechoka nao."

Alikuwa anazungumzia msumeno wa mnyororo. Huo ndio jembe lake. Anakata miti, anaigawa vipande, anapasua kuni na kuziuza kwa mama ntilie, kwa wachoma matofali na kwa shule moja ya sekondari iliyo jirani. Msumeno wake ulikuwa wa CC 45, wenye bapa la inchi 16. Alioutaka ni ule wa CC 105, wenye bapa la inchi 30, wa aina inayotumiwa na wapasua mbao. Alikuwa ameuona kwa mtu, akausikia unavyonguruma, na moyo wake ukabaki huko.

Sikuweza kumjibu kwa wepesi, na sababu haikuwa bei peke yake. Mikaratusi anayoikata ilipandwa na baba yetu mwaka nilioanza darasa la kwanza. Nilipofika sekondari, ile ya kwanza ilikuwa imefikia kimo cha kuvunwa, nayo ndiyo iliyolipa ada yangu. Ilipofika zamu ya mdogo wangu, baba alikuwa mgonjwa na shamba lilikuwa visiki vitupu vilivyoanza kuchipua upya. Aliacha shule kidato cha pili, akashika shoka. Kwa hiyo anaponiomba chombo cha kazi, haniombi msaada. Ananikumbusha deni, ingawa yeye mwenyewe hajawahi kulitaja kwa jina hilo.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Kariakoo. Muuzaji alinipokea kwa furaha ya mtu aliyekwisha kumtambua mnunuzi asiyejua anachonunua. Aliushusha ule msumeno mkubwa kutoka rafuni, akanikabidhi mikononi. Mabega yangu ya mwalimu yalishuka papo hapo. Mashine za ukubwa ule huzidi kilo 10 hata kabla ya kufungwa bapa na kujazwa mafuta. "Hii haina mchezo, mzee," aliniambia. "Ukimpa kijana hii, msitu wote unalala." Nilimuuliza breki ya mnyororo iko wapi. Alinitazama, akaitazama mashine, akasema aina ile haina, kwani watu wa kazi hawaihitaji.

Sikuununua. Nilimwambia mdogo wangu asubiri hadi likizo, nije nione kazi yenyewe. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Sawa, kaka." Anayemjua mtu wa kwetu anajua "sawa" ya namna hiyo ina uzito gani.

Mufindi ni nchi ya miti. Huko ndiko liliko Shamba la Miti Sao Hill, kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya kupandwa ya Serikali, na pembeni yake kila kaya yenye kipande cha ardhi ina misindano, mikaratusi au miwati yake. Mwezi Julai baridi huingia hadi kwenye mifupa, na jikoni kwa mama ndipo panapokuwa sebule, chumba cha mikutano na mahakama ya familia. Niliwakuta hapo, moshi umejaa, mama akifuta machozi kwa upindo wa kanga, sufuria ya maharage ikichemka kwa kusuasua.

Asubuhi tulikwenda shambani. Mdogo wangu aliwasha msumeno, akauweka juu ya gogo la mkaratusi lenye unene wa kama sentimita 40. Uliunguruma, ukatoa moshi wa buluu, ukaanza kula kuni taratibu. Yeye aliusukuma kwa nguvu za mikono yote miwili, akaukalia kwa kifua, na bado mkato ulikuwa unapinda kuelekea kushoto. Nilichokitazama zaidi kilikuwa kile kilichokuwa kikitoka. Hakikuwa vibanzi. Kilikuwa unga, laini kama wa sembe.

Sikujua maana yake hadi tulipompelekea fundi mmoja mjini Mafinga, mzee ambaye ametengeneza misumeno kwa miaka mingi kuliko umri wa mdogo wangu. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, mwalimu. Tatizo nini?" Mdogo wangu alieleza kuwa injini imekosa nguvu. Mzee hakuigusa injini. Alipitisha kidole gumba juu ya meno ya mnyororo, akatabasamu kwa huzuni. "Injini yako ina uchovu kidogo, sikatai. Lakini mnyororo huu hauna meno, una ufizi."

Akaubana msumeno kwenye jiliwa, akachukua tupa ya duara yenye kipenyo cha milimita 4.8, akaanza kunoa jino moja baada ya jingine, kwa pembe ile ile, kwa idadi ile ile ya misukumo, upande wa kulia kwanza, kisha wa kushoto. Alieleza akiwa anafanya. Jino la upande mmoja likiwa fupi kuliko la upande wa pili, mkato hupinda. Mbele ya kila jino kuna kinundu kinachoamua jino lichukue ubao wa kina gani. Meno yakipungua kwa kunolewa bila kinundu kupunguzwa, jino halifikii mti tena, linausugua tu. Kinundu kikipunguzwa kupita kiasi, nacho hulifanya jino lidake kuni kwa pupa na kuurusha msumeno nyuma. Kazi yote ilimchukua muda usiofika hata saa moja. Malipo aliyodai yalikuwa madogo kiasi cha kuniaibisha.

Jioni ile mdogo wangu alikata gogo la unene ule ule bila kuusukuma msumeno. Uliingia wenyewe kwa uzito wake. Vibanzi virefu viliruka na kumwagika juu ya viatu vyake. Alizima mashine, akabaki ameushika, kama mtu aliyegundua kwamba amekuwa akimpiga punda asiye na kosa.

Baadaye nilisoma kuhusu asili ya meno hayo. Mwaka 1946 mkataji miti wa Kimarekani aitwaye Joseph Buford Cox, akiwa anachanja kuni katika jimbo la Oregon, alimwona buu wa mbawakawa ndani ya kisiki. Buu huyo, mnene kama kidole, alikuwa akitafuna mti mgumu kwa urahisi, akikata kushoto na kulia kwa taya zake zilizopinda. Cox aliziiga taya hizo kwa chuma, na mwaka uliofuata akaanza kuuza mnyororo wa aina mpya. Msingi wa wazo lake ungalimo katika minyororo mingi inayotumika hadi leo. Injini zilikuwepo kabla yake. Kule Ujerumani, Andreas Stihl alikuwa ametengeneza msumeno wa mnyororo wa umeme tangu mwaka 1926, mzito kiasi cha kuhitaji watu wawili. Alichokiongeza Cox ni namna jino linavyokutana na mti. Wahenga wetu walikwisha kulisema jambo hilo bila kumwona buu: mwenye kisu kikali ndiye atakayekula nyama. Tazama, ndugu msomaji, hawakusema kisu kikubwa.

Hapa ningeweza kuishia, nikatoa funzo kuhusu ukali na ukubwa, nikarudi Dar es Salaam na fedha zangu mfukoni. Lakini ingekuwa ulaghai. Mikaratusi iliyochipua upya baada ya ada yangu kuvunwa imekua, na mingine shinani ina unene wa sentimita 60 na zaidi. Bapa la inchi 16 ni sentimita 40 tu. Mdogo wangu hulazimika kuzunguka gogo na kulikata pande mbili, akiwa amesimama juu ya mteremko wenye matope. Tena injini yake kweli imechakaa. Kwa miaka mingi ilinyweshwa petroli iliyochanganywa na oili kwa kukisia, mara ikazidi, mara ikapungua, ilhali injini ya namna ile hutegemea mchanganyiko huo peke yake kulainisha pistoni. Alihitaji msumeno wenye nguvu zaidi. Swali lilikuwa nguvu kiasi gani, na kwa gharama ya nini.

Jibu nililipata usiku, bila kulitafuta. Alipokuwa akinawa miguu kando ya moto, alipandisha suruali hadi juu ya goti, nami nikaona kovu kwenye paja la kushoto. Lilikuwa refu kama kiganja, limeshonwa ovyo, ngozi imekunjana pembeni. Nilimuuliza. Mama ndiye aliyejibu, macho yake yakiwa kwenye moto: "Ni mwaka juzi, mwanangu. Msumeno ulimrudi." Alipelekwa zahanati kwa pikipiki, amefungwa kanga ya mama. Hawakuniambia. "Tuliogopa ungemkataza," alisema mama, "na sisi tungekula nini?"

Niligeuka kumtazama mdogo wangu. Alisema kwa upole, bila lawama: "Kaka, wewe ukiuona msumeno unaona hatari. Mimi nikiuona naona ada ya watoto."

Sikuwa na jibu. Mnyororo wa msumeno ukiwa katika kasi yake kamili hupita zaidi ya mita 20 kwa kila sekunde. Ncha ya juu ya bapa ikigusa kitu, bapa huruka kuelekea kwa mshikaji kabla akili haijapata nafasi ya kuamua lolote. Ndiyo maana ya breki ya mnyororo, ambayo yule muuzaji alisema watu wa kazi hawaihitaji. Ndiyo maana pia ya suruali za kinga, ambazo ndani yake zimejazwa nyuzi ndefu: jino likizigusa, huzivuta, nazo hujisokota kwenye gurudumu linaloendesha mnyororo na kuukwamisha kabla haujafika mfupani. Nchi hii ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Namba 5 ya mwaka 2003. Tuna pia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao msingi wake ni mwajiri anayemchangia mwajiriwa wake. Mdogo wangu hana mwajiri. Mahali pake pa kazi ni mteremko. Paja lake, kwa hesabu za mfuko huo, halikuumia.

Basi niliamua hivi. Nilinunua msumeno wa CC zisizofika 65, wenye bapa la inchi 20, breki ya mnyororo na mpini uliotenganishwa na mtikisiko wa injini. Kwa kilichobaki nilinunua minyororo miwili ya akiba, tupa za kipimo chake pamoja na kishikio cha pembe, chupa ya kupimia oili, kofia yenye wavu wa uso na viziba masikio, buti zenye chuma mbele, na suruali ya kinga. Jumla ilikaribia sana bei ya ule msumeno mkubwa wa Kariakoo. Nilipomkabidhi, mdogo wangu aliishika suruali, akauliza bei yake, akaniangalia. "Kwa fedha ya suruali hii, kaka, ungenifikisha kwenye ile mashine." Alishukuru kama ilivyo desturi. Hakufurahi, na sikutarajia afurahi. Kumpa mtu kile unachoona anakihitaji badala ya kile alichokiomba ni jambo ambalo serikali zote hulifanya kila siku, na nilijiona nimekaa katika kiti chao.

Kulikuwa na sababu ya pili, ambayo nilimweleza waziwazi. Mteja wake mkubwa ni shule. Serikali ilikwisha kuagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa ifikapo mwisho wa Januari 2024. Mwezi Mei mwaka huo huo ukazinduliwa Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Shule ile bado ilikuwa inanunua kuni kwa sababu jiko jipya lilikuwa halijafungwa, lakini siku yake itafika. Msumeno wa CC 105 ungekuwa uwekezaji wa miaka mingi katika soko lenye tarehe ya mwisho.

Siupingi mkakati huo. Nimemwona mama akifuta machozi katika moshi ule kwa maisha yangu yote. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 ulimwenguni mwaka 2020, na wengi wa wanaouvuta kila siku ni wanawake wanaofanana naye. Lakini katika makongamano niliyohudhuria kuhusu nishati safi, nimesikia mengi juu ya mitungi ya gesi, majiko ya umeme na wawekezaji. Sijasikia mtu akimtaja anayekata kuni. Tunazungumza kana kwamba kuni hujikata zenyewe na zikikatazwa hujiondokea zenyewe. Nyuma ya kila lori la kuni kuna mtu mwenye kovu na watoto wa shule, na mkakati usiokuwa na sentensi moja kwa ajili yake atauona kama adhabu tu.

Wala mpito wenyewe haulazimiki kusubiri gesi. Mama alikuwa akilizwa na maji zaidi ya kuni. Mti uliokatwa jana unaweza kuwa na maji karibu nusu ya uzito wake, na moto hutumia sehemu ya nguvu zake kuyachemsha maji hayo kabla ya kuchemsha maharage. Kilo moja ya kuni zilizokauka vizuri hutoa joto la megajuli 14 hadi 15. Kilo moja ya kuni mbichi hutoa kama 8. Kwa maneno mengine, mwenye kuni mbichi anabeba karibu kilo mbili ili apate joto la kilo moja iliyokauka. Kabla ya kuondoka tulijenga banda: nguzo sita, bati chakavu, pande zote wazi ili upepo upite. Tulipanga kuni zilizopasuliwa mwezi ule zikauke kwa upepo wa kiangazi, na tukakubaliana kwamba kuanzia sasa mama asipikie kuni ambayo haijakaa bandani miezi sita. Banda lile halikugharimu hata robo ya bei ya msumeno. Nguvu iliyomo ndani yake nayo si ya kupuuzwa.

Nimefikiri sana tangu hapo juu ya tabia yetu ya kuomba msumeno mkubwa. Idara isipofanya kazi, tunaiomba jina jipya, magari mapya na sheria kali zaidi. Halmashauri ikishindwa kukusanya mapato, tunaongeza askari wa mageti. Chuo kikizalisha wahitimu wasioweza kuandika barua, tunaanzisha shahada nyingine. Ni mara chache tunapopitisha kidole gumba juu ya meno. Kunoa hakuna uzinduzi wala utepe wa kukata. Kunafanywa na mzee mmoja aliyeinama juu ya jiliwa, jino kwa jino, na kesho yake linahitajika tena. Lakini nakiri pia upande wa pili, maana niliuona shambani: kuna magogo ambayo bapa la inchi 16 haliyafikii hata likinolewa namna gani. Mtumishi wa umma anayenisoma ndiye anayejua gogo lake lina unene kiasi gani. Ninachomwomba ni alipime kabla ya kuandika maombi ya fedha, na akiisha kupewa mashine, akumbuke suruali ya yule atakayeishika.

Mwezi uliopita mdogo wangu alipiga simu. Mvua zimeanza, alisema, na kuni za bandani zinawaka bila moshi. Mama anamsalimia kila mtu kwa habari hiyo. Shule imeleta mafundi wa jiko la gesi kupima jengo, naye ameanza kuongea na wapasua mbao juu ya kuwauzia magogo badala ya kuni. Nilimuuliza kuhusu msumeno. Akasema unakata vizuri, ila kwa lile karatusi la bondeni bado angetamani ule mkubwa.

"Na suruali?"

Alicheka kwanza. "Inachemsha kama tanuri, kaka." Kisha akanyamaza kidogo, kama alivyonyamaza ile siku ya kwanza. "Lakini naivaa."